Susu Aliniuliza Kazi Yangu, Nikakosa Kitenzi

Desemba nilikuwa shagz, Kalamba, huku Makueni, chini ya kilima cha Nzaui. Susu ameketi kwa kigoda chake, anachambua kunde, mimi nashika simu. Akaniuliza lile swali ambalo nimelikwepa tangu niache chuo.

"Sasa unafanya kazi gani?"

"Natengeneza video, Susu."

Akanitazama. "Unazitengeneza? Kwani zimeharibika?"

Nilicheka, lakini manze lilinikaa. Susu Kiswahili chake si cha shule. Amekaa Changamwe miaka mingi wakati umau, yaani babu yangu, alikuwa akichonga vinyago huko, kwa hiyo Kiswahili chake ni cha Mombasa, na ukikosea anakurekebisha hata kama uko na diploma. Sina diploma, so mnaweza kufikiria. Alikuwa sahihi. Kutengeneza, ukifuata asili yake, ni kufanya kitu kikae sawa, kikae kwa mpangilio. Ndiyo maana fundi anatengeneza redio. Lakini sisi wa Nairobi tumeligeuza kuwa bodaboda ya vitenzi, linabeba kila mzigo. Tunatengeneza chapo, tunatengeneza nywele, tunatengeneza pesa, tunatengeneza video. Hata urafiki siku hizi unatengenezwa.

Nikajaribu tena. Nikamwambia naunda. Akasema kuunda ni jahazi. Nikasema nabuni, akasema hiyo ni kufikiria, mtu hali mawazo. Nikaachana na hiyo story, nikarudi kwa kunde.

Lakini tangu hiyo siku nimekuwa nikifuatilia haya maneno, na nataka kuwaonyesha kitu. Kiingereza kina lile neno lao, "craft", na visawe vyake kibao, na wasee wanalipenda sana kwa bio zao. Kiswahili hakifanyi kazi hivyo. Kiswahili kinauliza kwanza: umeshika nini mkononi? Kama ni mbao, unachonga. Kama ni udongo, unafinyanga. Chuma unafua. Ukindu au katani unasuka. Nguo kwa kitanda cha mfumi, unafuma. Nakshi za nyuzi juu ya kofia, unadarizi. Risasi au dhahabu iliyoyeyuka ukiimwaga kwenye kalibu, unasubu. Mguu wa kitanda ukizungushwa kwa mashine, unakereza. Shanga na mashairi yote mawili yanatungwa, na mimi hiyo huwa inanipendeza kuliko zote, kwa sababu ukifikiria, ni kazi ileile, moja baada ya nyingine kwa uzi mmoja.

Na kila moja ya hizi ina historia ya watu. Kwa Ukambani historia hiyo naona haisimuliwi vizuri, ndiyo maana naandika.

Tuanze na udongo, kwa sababu hapo ndipo Mungu yuko.

Wakamba wanamwita Mungu kwa majina kadhaa. Mulungu, Ngai. Halafu kuna Mumbi. John Mbiti, yule msomi na kasisi aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, na aliyeandika kitabu cha dini za Kiafrika kilichotoka 1969, aliyataja haya majina, na pia Mwatwangi, yaani yule anayepasua, aliyetenganisha vidole vya mtu. Picha yake iko wazi ukiitazama: mkono ulikuwa bonge moja, mtu akaja akaupasua ukawa vidole. Hiyo ni kazi ya fundi kabisa.

Mumbi nalo linatoka kwa kitenzi kile kile cha Kiswahili, kuumba. Wakikuyu nao wanalo, Mumbi wao ni mama wa koo tisa. Sasa leo ukisema kuumba kwa Kiswahili, kila mtu anawaza mbingu na ardhi, Muumba, kitabu cha Mwanzo. Lakini wanaisimu wakifuatilia hilo neno nyuma kwa lugha za Kibantu wanafika kwa maana moja ya chini sana: kufinyanga chungu. Kuumba kulikuwa kukanda udongo na kuupa umbo. Hata hilo neno "umbo" si limetoka hapo hapo?

Sasa nani alikuwa akifinyanga vyungu Ukambani? Wanawake. Chuma kilikuwa cha wanaume, chungu kilikuwa cha mama. Mwanamke alichimba udongo, akaponda, akaujenga kwa mkono bila gurudumu, akaukausha, akauchoma kwa moto wa nje. Kwa hiyo wazee wetu walipotafuta jina la yule aliyefanya kila kitu, hawakukopa kwa mfalme wala kwa askari. Walikopa kwa kazi ya mama mfinyanzi. Mimi sijawahi kusikia mhubiri akisema hili, na nimekaa kwa mahubiri mengi ya Desemba.

Na pale Nzaui juu, wazee husimulia kwamba ndipo watu wa kwanza waliposhushwa na Mulungu, kwa mwamba, na kuna alama kwenye jiwe watu huonyesha kuwa ni nyayo. Iwe ni nyayo au ni mvua tu ilikula jiwe, mimi sibishani. Ninachoona ni jiwe lililopata umbo, na watu wakaona lazima kuna mkono ulipita hapo.

Chuma nitapita haraka. Kuna ukoo unaitwa Atwii, na jina lenyewe ni la wahunzi. Mhunzi anafua, na Kiswahili kikaenda kikatumia kitenzi kilekile kwa nguo, kwa hivyo wewe Jumamosi ukiwa kwa karai uko kwa kundi moja na mtu wa nyundo. Wote mnapiga kitu mpaka kikubali. Wakamba karne ya 19 walikuwa wasafirishaji wakubwa, misafara yao ilibeba pembe za ndovu kutoka bara hadi Mombasa, ikirudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Kivoi wa Kitui ndiye maarufu zaidi, huyo ndiye alikuwa mwenyeji wa Krapf mwaka 1849, wakati Krapf alipouona mlima kutoka Kitui na kuandika jina alilolisikia kwa Wakamba, jina ambalo sasa liko kwa pasipoti yako. Zile nyaya za shaba mafundi walizifanyia maajabu: mikufu myembamba, na vigoda vya wazee vilivyopambwa kwa waya iliyogongelewa ndani ya mbao kwa michoro. Vigoda hivyo sasa viko kwa makumbusho za Ulaya na Marekani. Ukivitafuta mtandaoni utaona maelezo: kigoda, Wakamba, msanii hajulikani.

Hiyo "hajulikani" nitairudia.

Sasa tuje kwa mbao, kwa sababu hapa ndipo familia yangu inaingia, na hapa ndipo watu wengi wanadanganyana.

Ukimuuliza mtu wa Nairobi kuhusu sanaa ya Wakamba, atakwambia vinyago. Twiga, ndovu watatu kwa mstari, kijiko cha saladi chenye kichwa cha pundamilia, Mmaasai mwembamba na mkuki. Atakwambia ni ya jadi, ya tangu na tangu. Si kweli. Wakamba walichonga zamani, ndiyo: vigoda, miko, vikopo vya ugoro, bakora, mizinga ya nyuki, pinde. Vitu vya kutumia. Lakini kinyago cha kuuza, sanamu ya mnyama au mtu ya kuwekwa juu ya meza ya mgeni, ina umri wa karibu miaka 100 tu, na inajulikana ilianza kwa nani.

Anaitwa Mutisya Munge, wa Wamunyu, pale barabara ya kutoka Machakos kwenda Kitui. Alikuwa mchongaji tayari, wa vitu vya nyumbani. Vita ya Kwanza ya Dunia ikaja, akajikuta Tanganyika, na huko, hivi ndivyo inavyosimuliwa, alikutana na wachongaji wa Kizaramo, watu wa maeneo ya Dar es Salaam. Wazaramo walikuwa na utamaduni wa kuchonga sanamu, kama yule mwana hiti, kimwanasesere cha mbao cha wasichana wakiwa kwa unyago. Mutisya akaona kwamba mti unaweza kuwa mtu. Vita ilipoisha akarudi Wamunyu na hiyo akili, akaanza kuchonga sanamu na kuwauzia Wazungu. Mwanzoni, inasemekana, alikuwa akificha ufundi wake, akifanyia kazi mbali na macho ya majirani. Baadaye wanawe na ndugu wakajua, halafu majirani, halafu Wamunyu nzima.

Tafakari hiyo kidogo. Vita ile iliua wapagazi wa Kiafrika kwa maelfu mengi, kwa njaa na magonjwa kuliko hata risasi. Kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, ndicho kilichoacha jina Kariokor Nairobi na Kariakoo Dar. Sasa nenda soko la Kariokor leo uone kinachouzwa pale: viondo, viatu vya ngozi, shanga. Sijui kama kuna mahali pengine Afrika Mashariki ambapo kaburi la kazi ya kulazimishwa limegeuka kuwa soko la kazi ya mikono, na watu wananunua tu kiondo wakienda.

Na kiondo chenyewe! Hapa nilishtuka. Kiondo cha katani ndicho mama zetu wote Ukambani wanakijua, na ukisema si cha jadi unaweza kupigwa. Lakini katani haikuwa mmea wetu. Ililetwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani aitwaye Richard Hindorf, miche iliyotoka Florida, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 pekee. Kutoka hapo ikasambaa Tanganyika, ikaja Kenya, ikawa ua la shamba la kila mtu Ukambani. Kabla yake, kiondo kilisukwa kwa nyuzi za magome ya miti, mbuyu ukiwemo. Kwa hiyo vitu viwili tunavyojivunia zaidi, kinyago na kiondo cha katani, vyote vimepitia Tanganyika, kimoja kwa vita na kingine kwa Mjerumani mwenye sanduku la miche.

Kuna watu wakisikia hivi wanasema, ah, kumbe si yetu. Kumbe ni ya kuuzia watalii tu. Wasomi wa Magharibi walikuwa na jina la dharau kabisa, sanaa ya uwanja wa ndege. Mimi nakataa. Hakuna mtu anaambia Waitaliano kwamba tambi zao si zao kwa sababu nyanya ilitoka bara la Amerika. Swali si kitu kilitoka wapi. Swali ni mikono ya nani ilikaa nacho mpaka kikawa na umbo.

(By the way, Susu hasemi "kusuka kiondo". Kwa Kikamba kiondo kinatumwa, kitenzi ni kutuma, kilekile cha kushona. Nikiwa mdogo nilidhani anakituma kwa mtu. Nilikuwa nasubiri kuona kitatumwa wapi.)

Umau aliingia kwa hiyo kazi miaka ya sitini. Kufikia hapo uchongaji ulikuwa umeshatoka Wamunyu. Wakamba walikuwa askari wengi kwa King's African Rifles wakati wa Vita ya Pili, walifika mbali, na soko la vinyago lilikua na wanajeshi na Wazungu waliokuwa wakipita. Miaka ya hamsini ikawa biashara kubwa kabisa, vinyago vinasafirishwa kwa makreti. Wachongaji wakahamia ambako wateja wako: Gikomba hapa Nairobi, Nanyuki, Malindi, na Mombasa. Changamwe ushirika ulianza 1963, mwaka ule ule wa uhuru. Kijana wa Kalamba akipanda basi kwenda Mombasa hakuwa akienda kutafuta kazi tu, alikuwa akienda kwa mjomba ambaye tayari ana kivuli chake, tezo yake na kisiki chake cha kukalia.

Susu amenieleza vile kazi ilikuwa ikienda, na hapa kitenzi kimoja hakitoshi. Gogo linakatwa kwa msumeno. Mtu wa kwanza anatoa umbo la juu juu kwa tezo, piga, piga, vipande vinaruka, na kwa dakika chache unaona ni kifaru. Huyo ndiye anayepata sifa. Baadaye kuna kisu cha kutoa masikio, macho, mikunjo ya ngozi. Baadaye tupa. Halafu msasa, na msasa ndio unakula siku, na msasa ulikuwa wa akina mama na watoto. Susu amepiga msasa vifaru zaidi ya vile Kenya imewahi kuwa navyo mbugani, hiyo nasema mimi lakini sidhani nimekosea sana. Mwisho ni kung'arisha. Mteja alitaka mpingo, mweusi tii, na mpingo ulikuwa ukiisha, kwa hiyo mti wa jacaranda au mwingine mwepesi ukapakwa rangi nyeusi ya viatu mpaka ukakubali kuitwa mpingo. Nikamuuliza, si huo ni uongo? Akaniambia, "Na wewe picha zako haziwekwi rangi?" Nikanyamaza. Kuna sababu Kenya neno "usanii" limekuja kumaanisha ujanja.

Lakini hiyo ya miti si mzaha. Muhugu, ule mti mgumu wenye harufu nzuri, ulichongwa mpaka ukawa adimu, na mwingi ulitoka msitu kama Arabuko-Sokoke na misitu ya karibu na Nairobi. Mti unaochukua miaka mingi sana kukomaa unakuwa kiboko wa mezani kwa siku mbili. Miaka ya tisini kukawa na kampeni ya kuwashawishi wachongaji wahamie miti inayokua haraka: mwarobaini, mwembe uliozeeka, jacaranda, mgrevilea. Malindi na Mombasa mwarobaini ulikubalika sana. Umau hakuupenda. Alisema mwarobaini hauna sauti. Lakini ndio uliolipa karo ya baba yangu, na sehemu ya ile karo yangu niliyoitupa, kwa hiyo sina ujasiri wa kuutukana.

Sasa turudi kwa "msanii hajulikani".

Kuna picha niliona mtandaoni ya kifaru kama kile cha Umau, kwa duka moja la vitu vya zamani ng'ambo. Bei yake ingelisha nyumba ya Kalamba miezi kadhaa. Maelezo yalisema kimechongwa na "kabila la Wakamba". Kabila! Kana kwamba tulishikana mikono watu wote, kutoka Mwingi hadi Kibwezi, tukachonga kifaru kimoja. Hakuna mtu husema chungu cha Kichina kilifinyangwa na bara la Asia. Kuna methali inasema mfinyanzi hulia gaeni, yaani anayefinyanga vyungu vya watu, yeye mwenyewe anakula kwa kigae. Nilikuwa nadhani ni methali ya umaskini. Sasa naona pia ni ya jina. Jina linaenda kwa mwenye meza.

Na si Wazungu pekee. Nyumbani pia tulidharau. Nikiwa shule ya msingi mwalimu alikuwa akitutisha: usiposoma utaenda kuchonga. Wakati huo huo tunafanya mtihani wa methali, na mojawapo ni mchonga mwiko hukimbiza mkonowe, mtu anayechonga mwiko anaokoa mkono wake usiungue. Methali tunaisifu, mchongaji tunamcheka. Mimi niliacha chuo, na siendi kujifanya hiyo ni hekima, ilikuwa fujo na pesa kuisha. Lakini nilipoacha, maneno ya kwanza niliyosikia kutoka kwa shangazi yalikuwa yale yale: sasa utaenda kuchonga? Alisema kama tusi. Na ameolewa na mahari iliyotoka kwa vifaru.

Hata lugha imetuchezea hapo. Kuchonga ni kazi, lakini ongeza herufi moja, kuchongea, na ni kumsema mtu vibaya kwa mkubwa wake ili aharibikiwe. Kumchonga mtu kwa pembeni, kipande kwa kipande, bila yeye kujua. Nadhani tumechongea kazi ya wazee wetu kwa miaka mingi bila kutambua.

Kitu ambacho yule wa duka la ng'ambo hakufanya ni kugeuza kifaru. Kwa ushirika, kila mwanachama ana nambari, na inaandikwa kwa kazi yake, ili ikiuzwa pesa zijue njia. Jina halikuandikwa, ndiyo, lakini nambari ilikuwepo, chini ya miguu, mahali mtalii haangalii. Kwa hiyo si kweli kwamba hajulikani. Kuna kitabu mahali, kina mstari, kina jina la mtu. Ukiwa na kinyago nyumbani, kile cha mathe alichopewa harusini kinachokaa juu ya TV, hebu kigeuze sai.

Mimi nilikigeuza cha Susu. Ni kimoja tu alichobaki nacho, kifaru cha muhugu, pembe imevunjika nusu. Chini kuna tarakimu, mbili zinaonekana, zingine zimefunikwa na rangi ya viatu. Nikawasha kamera, nikamuuliza ilikuwa nambari gani. Akaitaja yote bila hata kuinua kichwa kutoka kwa kunde, kama vile mtu anavyotaja siku aliyozaa. Halafu akaniuliza kama hiyo video nimemaliza kuitengeneza, au bado imeharibika.